Mteja Amelipa, Mbona Risiti Haijafika?

Wauzaji wenye seva ya baruapepe nyumbani hutuuliza swali hili. Angalia kwanza risiti zako zinaondoka na anwani gani. Mara nyingi ni kitu kama duka@seva.local, jina linalojulikana hapo kwako tu. Huko nje halipo, kwa hivyo barua inakataliwa ama inatupwa kwa spamu, na mteja aliyelipa anaanza kukuita mwizi.

Ukitumia Postfix, fungua faili ya /etc/postfix/generic. Andika anwani ya ndani, acha nafasi, kisha anwani yako halisi. Endesha postmap kwa faili hiyo. Kwa main.cf ongeza smtp_generic_maps = hash:/etc/postfix/generic, halafu postfix reload. Zinazotoka nje ndizo hubadilishwa. Za ndani haziguswi.

Tumia kikoa chako mwenyewe. Tangu Februari 2024, Gmail inataka kila mtumaji awe na SPF au DKIM.

Umeona vile ni rahisi kubadilisha jina la mtumaji? Matapeli pia wanajua. Barua ikisema tumekuwekea pesa, angalia salio kwa simu kabla hujaachilia mzigo. Na ikiomba PIN, hiyo si yetu.