Daftari Jeupe Si Dalili ya Siku Iliyopotea: Mtoto Hujifunza Nini Katika Darasa la Awali?

Kila mwaka wa masomo unapoanza, walimu wa madarasa ya awali hukutana na swali lilelile: mtoto ameshinda shuleni majuma matatu, mbona daftari lake bado jeupe? Mzazi aulizaye hivyo ana nia njema. Hata hivyo, lisipojibiwa vyema, swali hilo huwafanya baadhi ya wazazi wambakize mtoto nyumbani hadi atimize umri wa Darasa la Kwanza, na wengine wamshinikize mwalimu awanakilishe watoto herufi za ubaoni asubuhi nzima. Katika hali zote mbili, anayepoteza ni mtoto.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inaweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kwa mtoto wa miaka 5. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unasisitiza kujifunza kwa michezo, nyimbo, hadithi na vitendo. Katika darasa hilo mchezo si mapumziko baada ya somo. Mchezo ndio somo.

Mfano mmoja ni hesabu. Mtoto wa umri huo aweza kutaja moja hadi ishirini bila kukosea, kama aimbavyo wimbo. Lakini akiambiwa achukue vizibo 7 vya soda kutoka kwenye rundo, huenda akachota vyovyote vinavyojaa kiganjani. Majina ya namba anayajua; idadi bado.

Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget (1896–1980), alionyesha jambo linalokaribiana na hilo kwa jaribio ambalo mzazi yeyote aweza kulirudia. Apange vizibo 6 katika mstari, na vingine 6 sambamba navyo. Mtoto akishakubali kwamba mistari yote ina vizibo sawa, mzazi autanue mmoja mbele ya macho yake bila kuongeza kizibo. Watoto wengi wadogo husema mstari mrefu sasa una vizibo vingi zaidi. Kunakili tarakimu hakuondoi kosa hilo. Huondoka polepole, mtoto anapokua huku akishika, akipanga, akigawa na kuhesabu vitu halisi siku baada ya siku.

Ndivyo ilivyo pia katika kusoma na kuandika. Nyimbo zenye vina, na mchezo wa kutafuta majina yanayoanza kwa sauti moja, humzoeza mtoto kusikia kwamba neno “baba” lina vipande viwili. Kufinyanga udongo na kutunga shanga huimarisha vidole vyake. Vidole visivyoandaliwa huishika penseli kwa shida, na kuandika hugeuka adhabu.

Kiwango cha kitaifa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini madarasa mengi yana watoto zaidi ya hao. Kwa hiyo mchango wa nyumbani una uzito mkubwa, nao hauhitaji fedha. Vizibo vilivyooshwa, mbegu kubwa, maboksi matupu na vitambaa vya rangi ni vifaa vinavyohitajika katika kona za ujifunzaji darasani.

Elimu ya awali katika shule za serikali haitozwi ada. Mzazi au mlezi mwenye mtoto anayetimiza miaka 5, akiwemo mwenye ulemavu, afike katika shule ya msingi iliyo karibu naye wakati wa uandikishaji. Mtoto akisharejea jioni, badala ya kumuuliza ameandika nini, amuulize wamecheza nini. Kisha amwekee rundo la vizibo na kumwomba 7. Siku atakapohesabu kimoja kimoja na kukomea cha saba, mzazi atakuwa ameona maendeleo ambayo daftari lisingemwonyesha.