AFYA YETU: Dereva wa Pikipiki Aanze na Shule

Huenda mtauliza pikipiki zinahusu nini ukurasa wa afya. Ingieni wodi ya majeruhi, mtawakuta vijana waliovunjika miguu na wengine walioumia vichwa.

Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kubeba abiria kwa malipo, bodaboda hufika mahali pasipofika basi. Huko Ng'iresi na Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, mgonjwa haachwi nyumbani kwa kukosa gari. Hilo ni jema. Ubaya uko katika kujifunza. Kijana hununuliwa pikipiki Jumatatu, rafiki humfundisha jioni mbili kando ya migomba, na Jumamosi anabeba akina mama wa soko la Tengeru. Rafiki amemfundisha kwenda, kusimama hakumfundisha.

Na kusimama ndiyo kazi hasa. Pikipiki inayokwenda kilometa 50 kwa saa hupita karibu meta 14 kila sekunde. Ng'ombe akitokeza, sekunde nzima yaweza kupita kabla mkono haujakamata breki. Breki ikikamatwa, uzito huegemea mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi. Wengi huiogopa! Hukanyaga ya nyuma peke yake, gurudumu likaserereka. Mwalimu mzuri humzoeza mwanafunzi kutumia zote mbili pamoja, akizikaza taratibu, na kwenye tope la masika kwa upole zaidi. Humfundisha pia kuteremka kwa gia ndogo ili injini isaidie breki. Wale wanaotoa gia mteremkoni ili kubana petroli wanahatarisha shingo mbili kwa shilingi chache.

Je, kijana ataingiaje katika mafunzo? Aulize VETA au shule ya udereva iliyosajiliwa. Akiwa na wasiwasi na shule fulani, polisi wa Usalama Barabarani watamweleza. Atahitaji leseni ya kujifunzia. Akihitimu hupata cheti, hutahiniwa na polisi, kisha TRA humpa leseni. Kabla ya kulipa ada aulize: nitaendesha kwa saa ngapi? Pikipiki ya mazoezi ipo? Huduma ya kwanza inafundishwa? Shule inayotoa cheti bila mwanafunzi kupanda pikipiki inauza karatasi tu.

Ada ikiwalemea, madereva wa kijiwe kimoja wachangishane na kumwomba mwalimu awafuate kijijini. Asiyejua kusoma vizuri asione haya kwenda. Alama za barabarani ni picha, na mwenye kisomo kidogo huzishika akielezwa kwa mdomo.

Kofia ngumu nazo ziwe mbili, ya dereva na ya abiria. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69, na ya kufa kwa asilimia 42. Lakini ukanda ufungwe chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kugonga lami. Abiria awe mmoja. Mishikaki ya watoto watatu asubuhi ya shule hakuna breki inayoiweza.

Wazazi mnaouza ng'ombe ili kumnunulia kijana pikipiki, hesabuni ada ya mafunzo na kofia mbili ndani ya bei hiyo kabla ya kwenda mjini Arusha kununua.