Figo Zako Siku ya Upasuaji

Somo la safari hii limetokana na swali tuliloulizwa na kina mama wa kikundi kimoja huko Mathira. Mwenzao alitakiwa kupasuliwa uvimbe katika mji wa mimba. Harambee imeshafanywa, pesa zimetosha. Lakini jirani akamwambia ati nusukaputi huua figo, naye akakata shauri kubaki nyumbani na uvimbe wake na damu inayomtoka kila mwezi.

Je, ni kweli? Uvumi huu una mzizi. Ilikuwako dawa moja ya kuvuta, methoksiflureni, iliyoanza kutumiwa karibu mwaka 1960. Ikivunjika mwilini ilitoa floraidi nyingi, na wagonjwa kadhaa wakaharibika figo. Basi madaktari wakaacha kulaza watu kwa dawa hiyo. Dawa za kuvuta za siku hizi, kama isoflureni, hazina tabia hiyo.

Hata hivyo tusiseme hakuna hatari. Ninyi wenye miradi ya maji mtaelewa upesi. Figo mbili hupokea kama sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ukilazwa usingizi mishipa hulegea, presha hushuka, kama vile tangi la juu likipungua maji mifereji ya chini hutiririka pole pole. Mwili nao huzuia maji kwa sababu ya mshtuko wa kisu. Mkojo unapungua. Kwa mtu mwenye figo nzima, hali hii kwa kawaida hupita. (Msidhani sindano ya mgongo inaepusha jambo hili, nayo hushusha presha.)

Sasa, figo ina koki yake. Presha ikishuka, koki hufunguka zaidi ili damu isipungue sana. Na hapa ndipo penye taabu yetu sisi watu wa mlimani. Mgongo unauma kwa kuchuma chai, magoti yanauma kwa kupanda na kushuka mabonde, na dukani kuna diklofenaki na Brufen. Dawa hizi huzuia koki ile isifunguke. Mtu akiingia chumba cha upasuaji akiwa amezimeza, tena hana maji mwilini, au akivuja damu nyingi, figo zinaweza kukauka. Mzee, mwenye presha, mwenye sukari, na aliyekuwa akitapika au kuharisha, hao wamo hatarini zaidi.

Tulimwuliza yule mama anameza nini. Kumbe kila jioni ni diklofenaki, mwaka wa pili huu! Na hospitalini alipoulizwa alijibu, "Hakuna." Hakudanganya. Kwake yeye dawa ni ile ya kuandikiwa na daktari. Ya dukani ni ya mgongo tu. Hata miti shamba hatuihesabu, na baadhi yake hudhuru figo. Tunachangia bili kwa moyo mmoja, lakini swali hili dogo hakuna aliyemwuliza.

Tulirudi naye kliniki, akasema yote. Alipimwa mkojo, na damu ikapimwa kreatinini, kipimo kinachoonyesha kama figo zinasafisha vizuri. Akaambiwa aache vile vidonge, akapewa siku nyingine. Amekwisha pasuliwa, na juzi tulimkuta soko la Karatina na viazi vyake.

Kuhusu dawa za presha, usiache wala usimeze asubuhi ya upasuaji bila kuuliza. Nyingine huendelea, nyingine husimamishwa siku hiyo. Uliza pia habari ya maji. Chakula, uji na chai ya maziwa hukatazwa saa nyingi kabla, lakini mara nyingi maji matupu huruhusiwa mpaka saa mbili kabla ya usingizi. Ukiwa umefunga tangu jana na zamu yako imecheleweshwa, mwambie muuguzi.

Ninyi mnaokwenda kumwona mgonjwa, tazameni mfuko wa mkojo. Mtu wa kilo 60 anatarajiwa kutoa kama mililita 30 kila saa, yaani vijiko viwili vya mezani. Mkiona mfuko haujazidi kwa saa kadhaa, mwiteni muuguzi, msione haya.

Mkutano ujao kila mtu aje na dawa zote alizo nazo nyumbani, hata zile za kwenye karatasi zisizo na jina. Katibu aandike orodha ya kila mmoja, aiweke pamoja na kitabu cha michango.