Chumo si chuma: kuifundisha Excel majina ya Kipatimu

Karani wa chama cha msingi anayeingiza kwenye kompyuta mapokezi ya ufuta wa Kipatimu na kata jirani hasumbuliwi sana na tarakimu. Kilo zina mizani, zina stakabadhi, na zina mkulima mwenyewe aliyesimama mezani akihesabu pamoja nawe. Kinachopita bila kuulizwa ni maneno. Safu ya kata ikiandikwa Chumo kwenye mstari mmoja na Chuma kwenye mwingine, Excel haitalalamika. Ukijumlisha kilo za kila kata kwa fomula ya SUMIF, itakupa za Chumo peke yake na kuziacha zile za Chuma nje. Jumla kuu iliyo chini ya ukurasa itakuwa sahihi, ila jumla za kata zikikusanywa hazitaifikia, na hapo ndipo watu kwenye kikao wanapoanza kutazamana.

Excel haichori mstari mwekundu chini ya neno kama Word ifanyavyo. Lazima ubonyeze F7 ndipo ikague tahajia, tena kwa kamusi ya lugha iliyowekwa kwenye programu, ambayo kwa mashine nyingi za ofisini ni Kiingereza. Kwa kamusi hiyo Nandete, kijiji kinachotajwa kuwa ndiko Vita vya Majimaji vilikoanzia mwaka 1905, ni kosa. Kibata ni kosa, Njinjo ni kosa, hata gunia ni kosa. Ukishabofya Ignore kwa dakika kumi mfululizo, utaibofya hata palipo na kosa la kweli. Na kama ofisi yenu ina mazoea ya kuandika majina yote kwa herufi kubwa, shida ni ya aina nyingine: kwa kawaida ukaguzi huo umewekwa uruke maneno yenye herufi kubwa tupu, kwa hiyo utaambiwa kila kitu kiko sawa wakati hakuna kilichosomwa.

Asiye na leseni ya Excel ana LibreOffice, ambayo ni ya bure na ina kamusi ya Kiswahili cha Tanzania. Njia hii si ngeni nchini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na LibreOffice ya leo ni chipukizi la OpenOffice hiyo. Kwenye Calc, programu yake ya majedwali, Shift na F7 huwasha mistari myekundu, mradi seli zimewekewa lugha ya Kiswahili.

Lakini hata kamusi nzuri ya Kiswahili haitoshi kwa kazi hii. Chuma ni neno safi la Kiswahili. Mteja pia ni neno safi, ingawa karani alikusudia kuandika Miteja. Na aliyeandika Kibaha badala ya Kibata ametaja mji halisi wa Mkoa wa Pwani. Kamusi pana huyapitisha yote matatu. Kinachotakiwa ni kamusi finyu, ya maneno yenu tu, na makro fupi ya kulinganisha.

Fungua shiti mpya ndani ya faili lako, uiite Kamusi. Katika safu ya A andika maneno yanayoruhusiwa, neno moja kila mstari: Kipatimu, Nandete, Kibata, Chumo, Kandawale, Kinjumbi, Namayuni, Mingumbi, Miteja, ufuta, korosho, gunia. Jina la maneno mawili, kama Pande Mikoma, ligawe kwenye mistari miwili. Orodha hii ichapwe na mtu anayevijua vijiji, kisha isomwe na mwingine, kwa sababu kosa likiingia humo litapata kibali cha kudumu. Halafu bonyeza Alt na F11 (laptopu nyingine hudai na Fn), chagua Insert, kisha Module, na uchape hivi:

Sub KaguaTahajia()
Dim seli As Range, neno As Variant
For Each seli In Selection
  If VarType(seli.Value) = vbString And Not seli.HasFormula Then
    seli.Interior.ColorIndex = xlNone
    For Each neno In Split(seli.Value, " ")
      If Len(neno) > 0 Then
        If Application.CountIf(Sheets("Kamusi").Range("A:A"), neno) = 0 Then seli.Interior.Color = vbYellow
      End If
    Next neno
  End If
Next seli
End Sub

Rudi kwenye shiti yako, chagua seli za safu ya kata au zao, bonyeza Alt na F8, kisha uendeshe KaguaTahajia. Makro hupita seli moja moja, huruka tarakimu na fomula, hukata maandishi kila penye nafasi, na huuliza kama kila neno limo kwenye Kamusi. Lisipokuwemo, seli hugeuka njano. Ukubwa wa herufi haiujali, kwa hiyo NANDETE hupita kama Nandete. Alama za uandishi inazijali: Kibata yenye koma nyuma yake itawekwa njano. Chagua seli zenye maandishi tu, maana safu nzima ya Excel ina mistari 1,048,576 na utasubiri bure.

Hifadhi nakala kabla ya kuiendesha. Makro ikishabadilisha shiti, Ctrl na Z haikurudishi ulikotoka, na rangi ulizokuwa umepaka mwenyewe kwenye seli hizo zitafutika. Faili lihifadhiwe kwa aina ya xlsm, la sivyo makro haitakuwemo utakapolifungua tena.

Makusudi sikuiandika makro hii isahihishe. Iko njia ya kuiamuru ibadilishe kila Chuma kuwa Chumo, na siku moja itabadilisha mabati ya chuma kwenye orodha ya vifaa vya ghala. Kwenye majina ya watu hatari ni kubwa zaidi. Ramadhani na Ramadhan, Hadija na Khadija, Omari na Omary: yote ni majina halali, na lililo sahihi ni lile lililo kwenye kitambulisho cha NIDA na akaunti ya mwenyewe. Safu ya majina usiikague kwa Kamusi hata kidogo. Linganisha kwa namba ya uanachama.

Safu ya maelezo nayo iache. Kitenzi cha Kiswahili hunyumbulika mno kwa orodha: alilipwa, hajalipwa, wamelipiwa, na kadhalika bila mwisho. Huko Calc na kamusi yake itakufaa zaidi.

Kwa faili jipya kabisa, heri usiihitaji makro. Weka orodha ya kuchagua kwa Data Validation kwenye safu ya kata, ili karani achague jina badala ya kulichapa. Makro ni ya mafaili ya misimu iliyopita, na ya yale yanayoletwa yakiwa yamechapwa na mikono mitano tofauti.

Yanayoletwa kwa WhatsApp au barua pepe yafungue kwa tahadhari. Tangu 2022 Microsoft imeweka kizuizi kwa makro za mafaili yaliyopakuliwa kutoka intaneti, kwa kuwa virusi vimepitia humo kwa miaka mingi. Usikiondoe kwa ajili ya faili usilomjua mtumaji wake. Nakili data pekee, uipachike kwenye faili lako lenye Kamusi, na uikagulie humo.