Dondoo Muhimu: Adabu za Mgeni Katika Sherehe za Vietnam

Aazimuye kuhudhuria sherehe za mahekalu na vijiji vya kaskazini mwa Vietnam, na aulize kwanza tarehe ya mwezi mwandamo, kwani ndiyo wanayoifuata Wavietnam, ila wao huongeza mwezi wa ziada kila baada ya miaka miwili au mitatu, hata sherehe zao zisihame majira kama zihamavyo Idi.

Sherehe ya Hội Lim mkoani Bắc Ninh, ambako wanaume na wanawake hujibizana nyimbo za quan họ, na mgeni hukirimiwa tambuu kwa popoo na chokaa (ladha ambayo mtu wa pwani hataishangaa), kilele chake ni tarehe 13 ya mwezi wa kwanza. Ziara ya hekalu la Chùa Hương hufunguliwa tarehe 6 ya mwezi huohuo; yataka subira na viatu imara, maana baada ya mashua za makasia kuna vidato vingi vya mawe hadi kwenye pango lenye hekalu.

Hekaluni, mabega na magoti yasitirike. Kizingiti kivukwe, kisikanyagwe. Moto wa kijiti cha udi uzimwe kwa kupunga mkono, si kwa kupuliza. Noti ndogondogo za sadaka zitiwe sandukuni, zisipachikwe mikononi mwa masanamu, tabia ambayo, ijapokuwa utaiona, wenyewe huikemea.