Nukta kwenye ramani ya makasha

Swali: Nikichora makasha yote niliyopata katika jiokachingi (mchezo wa kutafuta kwa GPS makasha yaliyofichwa), ramani itaonyesha nimesambaa kiasi gani?

Jibu: Kwa sehemu tu. Kanuni huruhusu makasha yatengane mita 161, hivyo njia moja ya msituni yaweza kujaa makasha, na kwenye ramani ya nchi nukta zake zikalaliana hadi kuwa doa moja. Doa hilo hueleza zaidi walikoficha wenzako kuliko ulikofika wewe. Pakua faili lako la GPX la makasha uliyopata, lifungue kwenye QGIS, programu ya ramani, uyahesabu kwa kila wilaya, kisha ugawanye kwa makasha yaliyopo humo. Wilaya yenye makasha manne uliyoyapata yote itang'aa kuliko jiji ulilolidokoa tu, na ndivyo inavyostahili.

Utasema makasha huondolewa kila mara. Ni kweli; basi hesabu yaliyo hai siku moja tu, na tarehe hiyo iandikwe ramanini pale pale. Makasha ya fumbo yanahitaji uangalifu zaidi: nukta inayotangazwa siyo mahali lilipo kasha, na tofauti yaweza kufika kilomita tatu, kiasi cha kuvuka mpaka wa wilaya. Weka majiranukta uliyoyafumbua mwenyewe kabla ya kuhesabu.