Kuchagua Bodi ya Mikrokontrola kwa Anayeanza

Mwalimu wa fizikia anayeanzisha klabu ya elektroniki mara nyingi huwa na fedha za kununua bodi moja, au mbili zikizidi sana. Bodi hiyo itapita mikononi mwa wanafunzi wengi ambao hawajapata kuunganisha mzunguko wowote wa umeme. Kwa hiyo yafaa kuuliza kwanza ni bodi ipi itakayoyahimili makosa yao, kabla ya kuuliza ni ipi yenye nguvu zaidi.

Mikrokontrola ni kompyuta ndogo iliyomo katika chipu moja: ina sehemu ya kufanyia hesabu, kumbukumbu, na pini za kupokelea na kutolea ishara za umeme. Bodi huiongezea chipu hiyo umeme uliotulizwa na tundu la waya wa USB wa kuingizia programu.

Bodi za Arduino zilianza mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa wahandisi. Aina ya Uno, iliyotolewa mwaka 2010, hutumia chipu ya ATmega328P yenye mapigo milioni 16 kwa sekunde na kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu. Raspberry Pi Pico ya Uingereza, iliyotolewa mwaka 2021 kwa bei ya dola 4 za Marekani, ina mapigo milioni 133 na kilobaiti 264. ESP32, chipu ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, ina hata redio ya Wi-Fi. Kwa kutazama tarakimu hizo peke yake, mtu angeiacha Uno mara moja.

Lakini zitazamwe volti. Pini za Uno hufanya kazi kwa volti 5; za Pico na ESP32 kwa volti 3.3. Kihisi cha HC-SR04, kipimacho umbali kwa mwangwi, hurudisha ishara ya volti 5. Kikiunganishwa na Uno hakuna neno. Kikiunganishwa moja kwa moja na Pico, pini yaweza kuharibika. Dawa yake ni rezista mbili zilizofuatana, ya omu 1,000 upande wa kihisi na ya omu 2,000 upande wa ardhi, na ishara ichukuliwe katikati yao:

5 × 2,000 ÷ 3,000 = volti 3.3

Ni somo zuri la kidato cha tatu, ila si la siku ya kwanza.

Mkondo nao una mpaka. Pini moja ya Uno isitoe zaidi ya miliampea 20. 40 ndiyo ukomo usiopaswa kufikiwa. Taa nyekundu ya diodi hutumia takriban volti 2, hivyo hubaki 3. Kwa rezista ya omu 220, mkondo ni 3 ÷ 220, yaani karibu miliampea 14. Mwanafunzi akisahau rezista, au akiunganisha mota moja kwa moja na pini, mpaka huvukwa. Mota haina budi kupitia transista, pamoja na diodi ya kuzuia umeme unaorudi mota inapozimwa.

Ajali ikitokea, ndipo ubora wa Uno ya umbo la zamani huonekana: chipu yake ndefu imekaa katika soketi. Hung'olewa taratibu kwa bisibisi bapa, ikawekwa nyingine iliyokwisha kutiwa programu ya kuanzishia. Mnunuzi aitazame bodi kabla ya kulipa, kwa maana zipo Uno ambazo chipu yake imelehemiwa. Ya Pico imelehemiwa daima, na mara nyingi bodi hiyo huuzwa bila pini, mnunuzi azilehemu mwenyewe.

Shule yenye bodi moja, basi, yafaa ichukue Uno ya soketi. Klabu yenye mwalimu hodari wa kulehemu yaweza kununua Pico kadhaa, kila kikundi na yake, na hilo si faida ndogo. ESP32 ingoje hadi wanafunzi watakapotaka kupeleka vipimo mbali, kama vile joto la kituo cha hewa cha shule.

Waya wa USB nao ujaribiwe dukani. Baadhi ya nyaya za kuchajia simu hupitisha umeme bila kupitisha habari. Taa ya bodi huwaka vizuri, na kompyuta haioni kitu.